Kingdom Hearts II tunayoililia si ile iliyotoka

Mei 2025 kampuni ya Square Enix ilitoa habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba Kingdom Hearts Missing-Link, mchezo wa simu uliokuwa umetengenezwa kwa miaka kadhaa na hata kufanyiwa majaribio, umefutwa. Ya pili ni picha mpya za Kingdom Hearts IV, gemu kuu ijayo ya mfululizo huo, ambayo tangu trela yake ya Aprili 2022 ilikuwa kimya karibu kabisa. Miongoni mwa wapenzi wa gemu ninaokaa nao hapa Nairobi, habari ya kwanza iliimeza ya pili. Wengi waliipokea kama tangazo la msiba: mfululizo umeishiwa pumzi, na aliyeuua ni Kingdom Hearts III ya mwaka 2019. Dawa wanayoitaja ni moja tu, kwamba IV irudi ilikokuwa II. Nimeyasikia maneno hayo kwa muuza diski mjini, kwa vijana wa chuo, na kwa mpwa wangu wa miaka 15, ambaye alipozaliwa II ilikuwa tayari imemaliza miaka mitano sokoni.

Nadhani wamekosea mara mbili. II wanayoisifu haikuwepo siku ilipotoka. Ni gemu iliyorekebishwa mwaka 2007, ikabaki Japani kwa zaidi ya miaka saba, kisha kumbukumbu zetu zikaja kuibandika juu ya ile ya 2005. Na III haikuangushwa na mapigano yake, wala na Disney, wala na umri wa mashabiki. Ilielemewa na hadithi iliyotawanywa kwenye mashine nyingi kiasi kwamba mtu wa kawaida, awe Kayole au Chicago, asingeweza kuzimiliki zote. Nikiyaweka hayo mawili pamoja, kufutwa kwa Missing-Link, pamoja na huruma niliyo nayo kwa waliotoa jasho lao pale, naliona kuwa jambo jema kuliko yote yaliyoupata mfululizo huu tangu III itoke.

Kwa asiyeijua, Kingdom Hearts ni gemu ya mapigano na ya kukuza mhusika ambayo ndani yake watu wa Disney na watu wa Final Fantasy, mfululizo mwingine wa gemu wa Square Enix, wanaishi anga moja. Shinji Hashimoto, mmoja wa waasisi wake, amesimulia mara kadhaa kwamba wazo lilipata mlango kwenye lifti, kwa kuwa Square (leo Square Enix) na Disney walikuwa na ofisi katika jengo moja mjini Tokyo. Tetsuya Nomura, aliyekuwa mchoraji wa wahusika wa Final Fantasy, akapewa usukani. Toleo la kwanza liliingia sokoni Japani Machi 28, 2002, kwenye PlayStation 2. Kijana Sora, mwenye upanga wa umbo la ufunguo, anasafiri na Donald na Goofy kutoka dunia moja ya Disney hadi nyingine akiwatafuta marafiki zake waliopotea. Ukisimuliwa hivi kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni mzaha wa watu wa biashara. Ukiucheza, unakuta mtu aliyeuandika aliamini kila neno, na imani hiyo ndiyo iliyowashika watu.

Kingdom Hearts II ilifuata Desemba 22, 2005 Japani, na Machi 2006 Marekani. Kwetu sisi ilikuja na kitu ambacho wahakiki wa huko hawakuwa na sababu ya kukitilia uzito: ilikuja na Pride Lands, dunia ya The Lion King. Katika toleo la kwanza Simba alikuwa msaidizi wa kuitwa vitani tu, anatokea, ananguruma, anaondoka. Katika II unaingia nyumbani kwake. Sora anageuka mwanasimba, Donald anakuwa ndege, Goofy anakuwa kobe, na ule upanga wa ufunguo Sora anaubeba mdomoni kwa kuwa mikono imekuwa miguu. Nakumbuka vizuri ule ugeni wa kukimbia kwa miguu minne, padi ikiwa mkononi na kidole gumba kikitafuta mwendo mpya. Nakumbuka zaidi majina. Mhindi, Mfaransa au Mjapani anayekutana na Rafiki, Pumbaa na Shenzi anakutana na sauti nzuri za mbali. Sisi tulikuwa tunaitwa kwa lugha yetu. Rafiki ni rafiki kweli, Pumbaa amepumbaa kweli, na yule fisi amebatizwa tusi ambalo mama yangu asingekubali litamkwe mezani. Waliotengeneza filamu ile walikuja Kenya kuangalia nyika ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kabla ya kuchora. Kwa hiyo gemu ya Kijapani ilikuwa inaturudishia, kupitia Marekani, mandhari ambayo ni safari ya matatu kutoka hapa mjini. (Kwamba Disney iliandikisha maneno “Hakuna Matata” kama alama yake ya biashara Marekani mwaka 2003, na watu wengi wakatia saini kupinga mwaka 2018, ni kesi nyingine, na msimamo wangu ni kwamba lugha ya watu haiandikishwi.)

Nayataja hayo kwa sababu ninapohoji kumbukumbu ya II simaanishi kuidharau. Naipenda. Ila mapenzi hayo yameifanya ing'ae kuliko ilivyokuwa, na ushahidi upo wazi kwa kila anayejali kuurudia. II ilipotoka wahakiki waliisifu kwa sura, kwa sauti za waigizaji, kwa kamera iliyotulia kuliko ya kwanza. Wastani wake kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ni 87 kwa 100, na kufikia mwaka 2007 ilikuwa imesafirisha zaidi ya nakala milioni 4 duniani. Lakini lawama nazo zilikuwa nyingi, na ukizisoma leo utashtuka. Walisema ni rahisi mno. Walisema kile kitufe cha pembetatu, ambacho ukikibonyeza kwa wakati ufaao Sora anafanya maajabu peke yake, kimeugeuza mchezo kuwa sinema ya kubonyeza. Walisema dunia zake zimekuwa njia nyembamba zilizonyooka, chumba kwa chumba. Walisema dunia ya samaki, Atlantica, imegeuzwa kuwa mashindano ya kuimba ambayo hakuna aliyeyaomba. Walisema hadithi haieleweki. Sasa chukua lawama hizo, futa II, andika III. Nyingi unaweza kuziacha zilivyo.

Lawama moja ya II inahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata. II haianzi na Sora. Inaanza na kijana mwingine, Roxas, katika mji wa machweo unaoitwa Twilight Town. Kwa siku sita za hadithi, ambazo kwa mchezaji wa kawaida ni kama saa tatu, unambebea Roxas mabango, unampangia kazi ndogo ndogo za kutafuta nauli ya kwenda ufukweni, unamsikiliza akishangaa ndoto zake. Leo sehemu hiyo inatajwa kuwa miongoni mwa mafungu bora ya mfululizo mzima, na mimi nakubali. Lakini kwa aliyetoka kwenye toleo la kwanza moja kwa moja, ilikuwa kama kuamka katika nyumba ya mtu. Sora amelala ndani ya kitu kama yai jeupe, amelala kwa nini, nani alimlaza? Jibu lilikuwa kwenye Chain of Memories, gemu iliyotoka mwishoni mwa 2004 kwenye Game Boy Advance, mashine ndogo ya Nintendo ya kushika mkononi. Ukiwa na PlayStation 2 peke yake, ulikuwa umeruka sura nzima ya kitabu bila kujua.

Nilikutana na Roxas kwa mara ya kwanza katika kibanda cha gemu Umoja. Kibanda kile kilikuwa na televisheni nne, mashine zimetiwa chipu ili zisome diski za kunakiliwa, na ulilipa kwa nusu saa. Hesabu ya kibanda haifanani na hesabu ya gemu ya aina hii. Mechi ya mpira inaanza na kuisha, mshindi anabaki, mshindwa analipa, mwenye kibanda anahesabu sarafu. Mtu anayetaka kukaa saa tatu akibandika mabango ya Roxas ni hasara kwake na kero kwa foleni. Juu ya hayo, kadi ya kumbukumbu ilikuwa moja kwa mashine, ya megabaiti 8, na kila mtu aliandika juu yake. Nilifika siku ya nne ya Roxas mara tatu, na mara zote tatu nilirudi nikakuta nafasi yangu imeandikwa ligi ya mtu. Niliimaliza miaka miwili baadaye, nyumbani kwa binamu. Kwa hiyo ninaposikia kizazi changu kikisema “sote tuliicheza II,” najua wengi wetu tuliicheza vipande vipande, na vipande vilivyobaki tumevijaza kwa video za mtandaoni tulizoziona tukiwa watu wazima.

Na video hizo si za gemu ile. Machi 29, 2007, Square Enix ilitoa Japani toleo linaloitwa Kingdom Hearts II Final Mix. Liliongeza ugumu wa daraja la Critical, likaongeza pango la majaribio kwa waliokwisha kuhitimu, likawarudisha watu 13 wa Organization XIII, kundi la maadui wa Sora, katika mapambano mapya makali kuliko yote, likaongeza Limit Form, umbo jingine la Sora la kupigania, na pambano la ana kwa ana na Roxas ambalo mwanzo lilikuwa tukio la kutazamwa tu. Hapo ndipo mapigano ya II yalipofunua kina chake. Mchezaji aliyekuwa anabonyeza pembetatu na kushinda alilazimika kujifunza ni lini adui anavumilia, ni lini anajibu, ni lini akwepe na ni lini azuie. Sifa zote za kiufundi zinazomiminiwa II leo, ukizifuatilia hadi chanzo, nyingi zinatoka kwenye toleo hilo. Nalo halikuvuka Japani. Mashabiki walilitafsiri wenyewe, wachache wenye ujuzi wakalicheza, na dunia nzima ililipata rasmi mwisho wa 2014 tu, ndani ya mkusanyo wa HD 2.5 ReMIX kwenye PlayStation 3. Tangu II itoke hadi wengi wetu tuipate ikiwa kamili ilipita karibu miaka tisa.

Kingdom Hearts III haikupewa miaka tisa. Ilitangazwa Juni 2013, ikabadilishiwa injini ya kutengenezewa njiani, ikahamia Unreal Engine 4, kisha ikatoka Januari 2019 ikiwa na deni la miaka 13 tangu II. Katika siku zake za mwanzo ilisafirisha zaidi ya nakala milioni 5, kasi ambayo mfululizo haukuwahi kuiona. Wako wanaoitumia takwimu hiyo kama ngao: gemu mbaya hainunuliwi hivyo. Siikubali hoja hiyo. Mauzo ya juma la kwanza hayapimi gemu, yanapima kiu ya waliokuwa wanaingoja, na kiu ya miaka 13 ingeuza hata diski tupu. Wastani wa wahakiki, ambao kwa PlayStation 4 ulikuwa 83, una maana kidogo zaidi, lakini nao ni wa watu waliocheza kwa haraka, kwenye daraja la kawaida, kabla ya sehemu nzito ya gemu kuwepo.

Maana III nayo ilikuja nusu. Daraja la Critical liliongezwa Aprili 2019, bure, miezi mitatu baada ya kutoka. Januari 2020 ikaja nyongeza ya Re Mind, na ndani yake mapambano 13 ya Limit Cut na lile la mwisho dhidi ya mpinzani aitwaye Yozora, ambayo yanafanya kwa III kazi ile ile ambayo Final Mix ilifanya kwa II. Yanachukua mfumo uliodhaniwa kuwa wa maonyesho na kuthibitisha kwamba chini yake kuna fizikia, kuna hesabu, kuna adabu ya vita. Nimeyacheza yote mawili kwa zamu, na sioni II ikiiacha III mbali kama watu wanavyosema. Naona kuzuia kwa II ni kutamu zaidi, na mwendo wa hewani wa III ni huru zaidi. Upo upinzani wa haki hapa: Re Mind iliuzwa kwa dola 30 juu ya gemu ambayo tayari ilikuwa dola 60, yaani zaidi ya shilingi 6,000 za wakati ule. Kumlipisha mtu tena ili apate gemu kamili ni tabia mbaya. Lakini Final Mix nayo ilikuwa diski mpya ya kununuliwa upya. Anayeisamehe II kosa hilo na kuikatalia III msamaha hapimi kwa mizani moja.

Lawama iliyo na uzito kuliko zote dhidi ya III ni ya Final Fantasy. Katika gemu iliyojengwa juu ya ndoa ya nyumba mbili, nyumba moja haikuja harusini. Mbali na Moogle, yule kiumbe mdogo wa dukani, hakuna Cloud, hakuna Leon, hakuna mtu kama Auron aliyeifanya kuzimu ya Olympus katika II iwe na hadhi. Nomura alieleza kwamba wahusika wa mfululizo wenyewe wamekuwa wengi na nafasi imekuwa finyu. Maelezo hayo ni ya kweli na bado hayaponyi. Re Mind iliwarudisha Leon, Aerith na Yuffie kwa muda mfupi, na urefu wa muda huo unaonyesha kwamba hata watengenezaji walijua pengo lilikuwepo. Hapa siwapingi wanaolalamika. Ninawakumbusha tu kwamba kupungua huko kulianza II, ambako Cloud anamtafuta adui yake Sephiroth pembeni kabisa mwa hadithi, na ukiondoa mkasa wao wote hadithi haitikisiki.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba hadithi ya III haieleweki kwa sababu Nomura hawezi kusimulia, au kwa sababu ni mambo ya Kijapani ambayo akili ya kwetu haiyashiki. Wanaosema hivyo hawajatutazama. Watu wa mji huu wamefuatilia tamthilia za Mexico na za Ufilipino kwa mamia ya vipindi, wamewajua mapacha waliobadilishwa hospitalini, waliokufa na kurudi, waliopoteza kumbukumbu mara mbili, na bibi wa miaka 70 anaweza kukupanga ukoo wote huku akichambua sukuma. Vijana wa mitaani wamezitazama filamu za lugha wasizozijua zikisimuliwa na watu kama DJ Afro, na hawakupotea. Utata haujawahi kutushinda. Tuliyaelewa yale yote kwa sababu yalikuwa kwenye kituo kimoja, saa moja, kila jioni. Hebu fikiria kama kipindi cha 40 kingeonyeshwa kwenye kituo kingine kinachohitaji televisheni ya aina nyingine, cha 41 kwenye redio, cha 42 kwenye simu ya aina fulani tu, halafu cha 43 kirudi sebuleni na kila mhusika analia kwa jambo lililotokea kwenye redio. Bibi angezima. Na hakuna ambaye angesema bibi hana akili.

Hivyo ndivyo Kingdom Hearts ilivyofanya kati ya II na III. 358/2 Days, inayoeleza urafiki wa Roxas, Axel na Xion, ilitoka mwaka 2009 kwenye Nintendo DS. Birth by Sleep, ya Terra, Ventus na Aqua, ambayo bila hiyo huwezi kumjua adui mkuu wa III, ilitoka 2010 kwenye PSP ya Sony. Dream Drop Distance, inayopanga meza ya vita vya mwisho, ilitoka 2012 kwenye Nintendo 3DS. Historia ya kale ya dunia hiyo ikapelekwa kwenye simu. Kisha III ikaja, ikakupitisha saa nyingi kwenye dunia za Toy Story, Frozen na Big Hero 6 ambako karibu hakuna linalosogea, na mwishoni, kwenye lile jangwa la Keyblade Graveyard, ikamwaga yote kwa pamoja. Xion anarudi, na kuna mtu mahali fulani analia machozi ya kweli kwa kuwa alikuwa na DS mwaka 2009. Aliye kando yake anauliza huyu mwenye nywele nyeusi ni nani. Tukio ni lile lile, uandishi ni ule ule. Tofauti yao ni mashine waliyoweza kununua. Hata tukio la kufunga gemu, wanapotokea wale wenye majoho na vinyago, linamtegemea mtu aliyecheza kwenye simu.

Najua nitajibiwa kwamba kufikia 2017 karibu kila kitu kilikuwa kimekusanywa kwenye PlayStation 4, na kwamba III yenyewe ilibeba video fupi za kukumbusha yaliyopita. Ni kweli, na ni jibu zuri. Lakini lina mashimo mawili. Moja, 358/2 Days ndani ya mkusanyo si gemu, ni sinema ya saa kadhaa iliyoungwa kutoka matukio yake. Unaambiwa Roxas na Xion walikaa juu ya mnara wakila aiskrimu kila jioni baada ya kazi, lakini hukuifanya ile kazi, na uchovu wa kazi ndio uliozipa jioni zile ladha. Pili, mchezo wa simu haukukusanywa, na huduma yake ilifungwa 2021. Sehemu ya msingi wa hadithi ikabaki kama jengo lililobomolewa ambalo bado linatajwa kwenye ramani. Jaribio la mwaka 2022 la kuzipeleka gemu hizi kwenye Nintendo Switch kwa njia ya kurushwa kupitia intaneti halikusaidia. Lililalamikiwa hata na wenye mitandao ya kasi, sembuse mtu anayecheza huku akihesabu bando lake.

Sasa rudi kwa Missing-Link. Ingekuwa gemu nyingine ya simu, yenye hadithi mpya ya zamani za kale, inayotegemea kutembea na ramani na kununua vitu ndani yake, iliyokusudiwa kuwa daraja kati ya enzi moja na nyingine. Tafsiri yake ni kwamba mchezaji wa IV angeanza tena akiwa na deni. Angefika kwenye tukio kubwa, mtu angevua kinyago, na angelazimika kumuuliza wa kando yake. Siwezi kusema Square Enix waliifuta kwa sababu hiyo. Wao walisema ilikuwa vigumu kutoa huduma ambayo wachezaji wangeridhika nayo kwa muda mrefu. Lakini matokeo yake ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu 2004 hakuna tawi linalomea pembeni huku shina likingojewa. Wanaoimba kwamba mfululizo unakufa kwa kuwa tawi limekatwa hawajawahi kuona mkulima akipogolea kahawa Kiambu.

Kwa sababu hiyo hiyo wito wa kurudi II unanitia wasiwasi. II iliyorudiwa leo ingerudi na kila kitu chake, pamoja na ile tabia ya kudhani tumesoma kitabu ambacho hatukuuziwa. Kinachofaa kudaiwa kwa IV ni kingine. Dunia yake mpya, Quadratum, inafanana na Tokyo ya kweli, Sora ana viatu vya kweli na chumba cha kweli, na hakuna aliyewahi kucheza lolote linalotokea huko isipokuwa mlango wake, ulioachwa wazi mwishoni mwa III na Re Mind. Ni mahali pazuri pa kumkaribisha mgeni. Gemu hizi tangu Juni 2024 ziko Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ambako mtu wa Nairobi mwenye kompyuta ya wastani anaweza kungoja bei ishuke akanunua, bila kufungua akaunti ya kujifanya anaishi Marekani, na bila muuza diski. Kwa mara ya kwanza kijana wa hapa na kijana wa Osaka wanaweza kuanza sura moja kwa wakati mmoja. Ikiwa IV itaheshimu hilo, ikajieleza yenyewe ndani yake yenyewe, basi itakuwa gemu ya kwanza ya mfululizo huu tangu ile ya 2002 ambayo mtu anaweza kuihukumu kwa haki siku inapotoka. Na itakapotoka, ningeomba tuihukumu polepole.

Mpwa wangu amenunua ule mkusanyo wa kwanza mwezi uliopita, na jambo lililonifurahisha ni kwamba alianzia mwanzo, akapitia Chain of Memories yote ijapokuwa aliichukia. Jumamosi nilipofika kwao South B nilimkuta yuko II. Amekaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, mwanga wa machungwa wa Twilight Town umejaa ukutani. Roxas alikuwa anabandika mabango. Nilivua viatu nikakaa. Akasema bila kugeuka, “Mjomba, huyu jamaa namwonea huruma, na sijui kwa nini.” Ilikuwa siku ya nne. Dada yangu alituita mara mbili tukale, na hakuna aliyeinuka.